Umeombwa Kuingia Kamati: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Tororo

Mkutano wa mwaka ukifika kwenye ajenda ya kuchagua kamati, watu huanza kutazama sakafu. Mtu wa nyuma anataja jina lako, wengine wanapiga makofi kabla hujafungua mdomo, na kufikia jioni wewe ni mjumbe. Wengi wetu tumeingia kwa mlango huo. Mwongozo huu ni wako wewe unayeuza nafaka, mayai, omena, mitumba au vyombo vya plastiki pande hizi za mpaka wa Kenya na Uganda, umeombwa ujitolee katika kamati ya chama cha wafanyabiashara, na unataka kujua humo ndani kuna kazi gani kabla ya kusema ndiyo.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kazi kubwa ya kamati ya mpakani ni kuandika. Kusema tunajua sote. Mkutano mmoja unaweza kutoa malalamiko ishirini kabla ya chai, yote ya kweli, na Jumatatu inayofuata lisipatikane hata moja la kupeleka ofisini, kwa sababu hakuna aliyeshika tarehe, upande wa mpaka, aina ya mzigo na pesa iliyodaiwa. Kama wewe ni mtu wa kuandika, hata kama mwandiko wako ni wa kuku, chama kinakuhitaji. Kama unatafuta mahali pa kuhutubia, viwanja vya siasa havijajaa.

Uliza kwanza chama kimesimama wapi

Kabla ya kuuliza kamati, uliza cheti. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, na chama chenye wanachama pande zote mbili hakina budi kuandikishwa mahali fulani. Upande wa Kenya, vikundi vya kijamii vinaandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2022 inayohusu vikundi hivyo, na kikundi kinahitaji watu wasiopungua 10. Upande wa Uganda, njia ya kawaida kwa kikundi cha aina hiyo ni kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya, iwe Busia au Tororo. Kuna pia vyama vikubwa vya wenye biashara vyenye matawi: chemba ya biashara ya Kenya ina matawi ya kaunti, na ile ya Uganda ipo tangu 1933. Hizo zina taratibu zake, na mgeni hana sababu ya kuogopa.

Omba uonyeshwe vitu vitatu: cheti chenyewe, katiba, na kumbukumbu za mikutano miwili au mitatu ya mwisho. Katiba ikiwa imefungiwa kwenye sanduku la mwenyekiti aliyesafiri, umeshajibiwa. Kumbukumbu zikiwepo, soma sehemu moja tu, ile ya yatokanayo. Hapo utaona kama jambo lililoamuliwa mwezi wa tatu lilifuatiliwa mwezi wa nne au lilizikwa.

Kamati ipi

Vyama vingi hapa vina kamati ya fedha, ya maslahi, ya usuluhishi, na ile inayoshughulika na ofisi za mpaka. Majina hubadilika, kazi hazibadiliki sana.

Kamati ya maslahi ni ya misiba, wagonjwa na harusi. Inachosha na inapendwa. Kama una moyo wa watu na simu isiyozimwa, nenda huko, wala huhitaji mwongozo.

Kamati ya usuluhishi inataka mtu ambaye pande zote mbili humwita mzee au mama bila kulazimishwa. Kesi yake ya kila siku ni deni lililovuka mpaka. Mtu wa Tororo amemletea mwenzake wa Busia ya Kenya maharagwe, amelipwa nusu, nusu imekuwa “kesho”. Kupeleka deni dogo mahakamani nchi nyingine hula pesa kuliko deni lenyewe, kwa hiyo watu huja kwenu. Swali la kwanza la kuuliza hapo ni deni lilikubaliwa kwa shilingi ipi. Shilingi ya Kenya na ya Uganda hupandishana na kushushana, na wawili walioagana kwa mdomo tu, kila mmoja huikumbuka sarafu inayomfaa. Wafundisheni wanachama waandike sarafu, kiasi na tarehe kwenye karatasi moja yenye sahihi mbili, na mtaepuka kesi nyingi kabla hazijazaliwa.

Kamati ya mpaka ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo inayojazwa watu wasiojitayarisha. Nitakaa hapo kidogo.

Ukiingia kamati ya mpaka

Jifunze utaratibu kabla ya kulalamikia mtu. Tangu Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, mzigo husimama mara moja, upande unaoingia. Kinachotoka Kenya hukaguliwa na idara za nchi zote mbili upande wa Uganda, na kinachotoka Uganda hukaguliwa upande wa Kenya. Malaba, mlango wa watu wa Tororo, hufuata utaratibu uleule. Mwanachama akikwambia amesimamishwa pande zote mbili kwa mzigo uleule, hilo ni jambo la kuandika.

Halafu kuna utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachopatikana hapohapo mpakani, bila ushuru wa forodha. Malalamiko mengi hufia hapa, na mara nyingi si kwa kosa la ofisa. Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha. Haufuti kodi nyingine za ndani pale zinapohusika, haufuti cheti cha afya ya mimea kwa nafaka na matunda, wala haugeuzi kitenge cha China kilichonunuliwa Kampala kuwa bidhaa ya Uganda. Mwanachama akija na hasira, mketishe, muulize alibeba nini, kilitoka wapi, alikuwa na karatasi gani. Akiwa na makosa, mwambieni ninyi wenyewe kwa upole. Kamati iliyopeleka malalamiko mawili ya uongo kwa mamlaka ya mapato, KRA ya Kenya au URA ya Uganda, haisikilizwi hata ikileta la tatu la kweli.

Akiwa na haki, andika. Hiki ni kielelezo nilichokibuni, chukua umbo lake:

“Jumanne, saa tatu asubuhi. Busia, upande wa Kenya. Mfanyabiashara ametoka Uganda na maharagwe magunia mawili, cheti rahisi cha asili ya bidhaa anacho. Ametakiwa kulipa shilingi 500 za Kenya kwenye kizuizi cha barabarani baada ya kutoka forodhani. Aliyedai amevaa sare. Risiti hakupewa. Mwenzake aliyekuwa naye yuko tayari kuthibitisha.”

Sentensi fupi, hakuna matusi, hakuna “wanatunyanyasa siku zote”. Ofisa anayeipokea anaweza kuuliza ni nani alikuwa zamu pale saa hiyo. Kwenye “wanatunyanyasa siku zote” hana pa kushika. Tunza daftari moja lenye kurasa zilizopigwa namba, kila tukio mstari wake, na jina la mwanachama liwekwe kwenye daftari la pili linalobaki kwa katibu. Watu wanaogopa kurudi kesho kwenye kizuizi kilekile, na wana haki ya kuogopa.

Matukio ya aina moja yakijirudia, yaende pamoja. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, na kila nchi mwanachama ina kamati yake ya kitaifa ya kuvifuatilia. Hapa mpakani idara za nchi mbili huwa na kamati yao ya pamoja. Barua yenu ikiwa na matukio tisa yenye tarehe, ombeni nafasi mbele ya kamati hiyo, tena ombeni kwa maandishi. Msiende watu kumi na watano. Mwende watatu: anayesoma, anayejibu maswali, na anayeandika walichosema wao.

Faida ya maandishi ilionekana wakati wa mahindi. Mwanzoni mwa Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama na wenye magunia machache wakabaki nayo. Siku chache baadaye katazo liligeuzwa kuwa masharti: mwingizaji ajiandikishe, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni, na asili ya mahindi ijulikane. Hebu yafikirie masharti hayo ukiwa na magunia manne. Peke yako, gharama ya kupima inameza faida. Kikundi chenye orodha ya wanachama, kiasi cha kila mmoja na mahali mahindi yalikotoka kinaweza kuunganisha shehena na kuipima mara moja. Kisicho na orodha kitaanza kutafutana kwa simu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Machi 2020, mpaka ulikuwa umefungwa kwa abiria kwa ajili ya korona, na mizigo ya malori pekee ndiyo iliyoruhusiwa. Mama aliyezoea kuvuka na beseni hakuwa abiria wala hakuwa lori. Kwa mfanyabiashara wa aina yake njia halali ilikuwa kuunganisha mizigo na wenzake kwenye gari moja, na hilo nalo linataka mtu anayeandika gunia lipi ni la nani. Dharura nyingine itakuja, Ebola, mafuriko au uchaguzi. Orodha itengenezwe sasa.

Kama unapitia njia za panya

Tuongee kama watu wa hapa. Mitaa ya Busia ya pande mbili imepakana kiasi kwamba mtu anaweza kuvuka bila kuona geti. Wapo wanaoishi kwa kuvusha mizigo humo alfajiri, na baadhi ni wanachama wazuri wanaolipa ada kwa wakati. Kama wewe ni mmoja wao, tumikia kamati ya maslahi, wapikie watu chai, lakini usikae kwenye kamati ya mpaka. Siku mzigo wako utakapokamatwa, barua zote za chama zitasomwa kwa jicho jingine. Hali ni hiyohiyo kwa ajenti wa forodha anayelipwa na wanachama kuwatengenezea karatasi: akiwa mjumbe, aseme wazi mwanzo wa kikao na atoke nje jambo linalomhusu likijadiliwa. Mwandike kwenye kumbukumbu kwamba alitoka.

Mkutano uwe wapi, saa ngapi, lugha gani

Hapa kamati hupoteza watu bila kujua. Kikao cha saa kumi na moja jioni upande wa pili wa mpaka maana yake mwenye watoto hatakuja, au atakuja na kuondoka kabla ya uamuzi. Siku ya soko haifai. Asubuhi mapema, kabla mizigo haijaanza kushuka, hufaa zaidi kuliko watu wanavyodhani. Pishaneni pande: mwezi huu Kenya, mwezi ujao Uganda, na mara moja moja kikao kiende Tororo au Malaba ili wa huko wasiwe wasafiri wa kudumu. Kila mtu abebe kitambulisho. Mjumbe aliyezuiwa kuvuka kwa kukisahau nyumbani amevunja akidi.

Angalieni ngazi. Busia ina wasafirishaji wengi wenye ulemavu wanaovusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, na ni watu wanaoijua forodha kuliko wajumbe wengi. Chama kikikodisha chumba cha ghorofa ya pili kwa sababu kina viti vizuri, kimewaambia wabaki chini. Chini ya mwembe kuna nafasi ya baiskeli, na hakuna kodi.

Kwenye lugha, msione haya. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka, Tororo kuna Wajopadhola, na sokoni utasikia Kiluganda na Kijaluo pia. Kiswahili kitawafikisha mwisho wa ajenda, ila mwenyekiti asimame kila baada ya hoja nzito na kuuliza kama kuna anayetaka ielezwe tena kwa lugha ya nyumbani. Kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili chepesi. Barua za kwenda ofisini, hasa upande wa Uganda, ziandikwe kwa Kiingereza na zisomwe mbele ya wajumbe kwa Kiswahili kabla ya kutiwa sahihi. Watu wengi wametia sahihi wasichokijua kwa sababu aliyeandika alikuwa na haraka.

Kundi la WhatsApp lina nafasi yake. Litoe taarifa: kikao, msiba, foleni ya malori Malaba. Uamuzi usifanyike humo. Vidole gumba saa nne usiku si akidi, na mwanachama asiye na simu janja hajajua kwamba kuna jambo.

Pesa, na ile posho

Kujitolea hakumaanishi kutoa nauli mfukoni kila wiki. Chama kikubaliane na kuandika: anayevuka kwa kazi ya kamati anarudishiwa nauli na chakula kwa kiwango hiki, akileta maelezo ya alikokwenda. Kiwango kiwe kidogo na kitoke kwenye ada za wanachama. Ninasisitiza ada kwa sababu mpaka huu umepitiwa na miradi mingi ya wafadhili, na mnajua inavyokuwa. Warsha hotelini, fulana, bahasha ya nauli, picha ya pamoja. Mafunzo mengine yamekuwa ya maana, hasa yale ya kuwaelekeza kina mama kwenye utaratibu rahisi wa biashara. Lakini kamati iliyozoea bahasha hukosa akidi mwezi ule mradi unapofungwa. Nendeni warsha, jifunzeni, na kikao chenu cha kawaida kibaki cha chai na mandazi.

Ukiwekwa kamati ya fedha, kataa jambo moja bila kupepesa: pesa za chama kukaa kwenye laini ya simu ya mtu, hata kama ni yako, hata kama ni ya wiki moja. Fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, wasiwe wa ukoo mmoja. Mkilazimika kupokea ada kwa M-Pesa upande mmoja na kwa pesa za simu upande wa pili, wekeni laini ya chama, namba ya siri ijulikane kwa mmoja na simu yenyewe ikae kwa mwingine. Daftari liwe na safu mbili, shilingi za Kenya na shilingi za Uganda, msizichanganye. Mkibadilisha, andikeni tarehe na bei mliyobadilishia siku hiyo. Tofauti ndogo ya bei, ikirudiwa mwaka mzima bila maandishi, inatosha kumfanya mweka hazina mwaminifu aitwe mwizi.

Risiti ni kwa kila ada, hata ya mama anayesema “wewe andika tu, nakuamini”. Mpe. Kesho anayekuja kuuliza si yeye, ni mwanawe.

Sema muda wako

Unapokubali, sema mbele ya watu: nitakaa kipindi kimoja, nitatoa asubuhi mbili kwa mwezi, simu baada ya saa tatu usiku sipokei ila kwa msiba. Watu wa biashara huheshimu bei iliyotajwa mapema. Duka lako likianza kufungwa kwa sababu ya kamati, punguza kamati, na usingoje hadi ukasirike ndipo useme.

Chukua kazi moja yenye mwisho. Kwa mfano: katika miezi sita, daftari la matukio ya mpakani liwe na kila lalamiko lililoletwa, na barua moja iwe imejibiwa kwa maandishi. Hilo linapimika. “Kuboresha mazingira ya biashara” liacheni kwa wenye mabango.

Msaidizi mtafute siku ya kwanza, kijana wa dukani au binti anayeuza karibu nawe, akae kando yako akiandika nakala. Mwezi wa mwisho wa kipindi chako, yeye aendeshe kikao nawe ukae kando. Siku ya kukabidhi, mpe mbele ya wajumbe madaftari yote mawili, barua zilizopokelewa zenye mihuri, laini ya simu ya chama na namba yake ya siri kwa wanaohusika, na orodha ya maofisa mliozoea kuwaandikia, kila mmoja na idara yake. Kisha mwende benki pamoja asubuhi hiyohiyo, jina lako litolewe kwenye watia sahihi, na muondoke na karatasi inayothibitisha hivyo.